Waya wa Mtaliano

Zemichael alizaliwa miaka mingi baada ya Wataliano kuacha kuitawala Asmara, lakini ukimsikiliza utadhani walimlea wao. Maisha yake yote alisimamia mashine za kufungasha tambi, kisha akastaafu. Mtu mwingine angepumzika. Yeye akaanza kutusimamia sisi majirani.

Mimi na yeye tunaishi katika nyumba moja ya kale iliyogawanywa kwa ukuta: jiko langu upande huu, sebule yake upande wa pili, kila mtu na mita yake. Chini ya upenu wake ulipita waya mweusi wa zamani, uliovishwa nyuzi zilizosukwa kama kamba ya kiatu na kushikiliwa na vikombe vidogo vya kaure. Ulitokea ukutani, ukaambaa, ukaishia hewani. Haukuwasha chochote, ila kila mgeni alilazimika kuusifu kabla ya kupewa kahawa.

"Kazi ya Mtaliano hiyo," alikuwa akisema. "Siku hizi wanafunga nyaya kama wanafunga mbuzi."

Mkewe, Abrehet, alimwomba autoe hadi akachoka. Nyuzi zilikuwa zimeoza, na takataka zake alizifagia yeye. Binti yao Luwam alipokaribia kuolewa akaomba tena, maana hema la harusi lingesimikwa uani palepale, kwa nguzo za chuma.

"Baba Luwam, utoe kabla ya hema."

"Umekufa huo, mama. Maiti haimng'ati mtu."

"Basi kama ni maiti, tuizike."

Nilicheka, naye akanikasirikia mimi badala ya mkewe. Akaleta balbu yenye nyaya mbili, na mbele ya wanawake wote waliokuja kumenya vitunguu akaijaribisha kwenye ule waya. Haikuwaka. Akatugeukia, kifua mbele.

"Mmeona?"

"Baba Luwam," nikamwambia, "umeme umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Hata friji yangu nayo ni maiti?"

Sisi tumezoea mno kukatiwa umeme, hata mtu anaweza kusahau kwamba haupo. Zemichael alikuwa amesahau, na kukiri mbele ya wanawake lilikuwa jambo lisilowezekana kwake.

"Kilichokufa kimekufa, umeme uwepo usiwepo," akasema, na hema likasimikwa. Nguzo moja ikaegemea waya mahali ambapo nyuzi zilikuwa zimekwisha na shaba iko wazi.

Alasiri Abrehet alikuwa amechuchumaa pale akisuuza sufuria kubwa la mchuzi wa harusi, miguu imelowa. Umeme ukarudi. Wanawake wakapiga vigelegele, kama kawaida yetu. Abrehet akashika nguzo ili ainuke, wala hakuiachia tena. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haitoki.

"Msimguse!" nikapiga kelele, maana dada yake alikwishanyoosha mikono.

Zemichael akakimbilia mita yake, akazima. Redio yake ikanyamaza. Abrehet bado amenasa. Yule msimamizi wa mashine akabaki mlangoni akirudia, "Nimezima! Nimezima mimi!" kana kwamba umeme ni mfanyakazi mkaidi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ukuta uligawanya vyumba, haukugawanya nyaya. Nikakimbia kwangu, nikazima yangu. Nikasikia sufuria likibingirika, kisha Abrehet akilia. Sijawahi kufurahi namna ile kusikia mtu akilia.

Alilazwa hospitali usiku ule, kiganja kimeungua. Kesho yake, siku yenyewe ya harusi, kabla hajarudi, nilimleta fundi Okbay. Aliwasha balbu yake jikoni kwangu kwanza, ili ajue kwamba umeme upo na balbu ni nzima. Akaijaribisha kwenye waya wa upenuni: ikawaka. Akazima mita ya Zemichael: bado inawaka. Akazima yangu: ikazimika. Akaufuata ule waya mpaka nyuma ya kabati langu, akaufungua pale ulipoanzia, akapaziba, kisha ndipo akaanza kuuvuta wote kutoka ukutani.

"Ukikata katikati tu," aliniambia, "kipande kinachobaki kinamngoja mwingine."

Abrehet alirejea fundi bado anavuta, akaketi uani, mkono umefungwa bandeji. Mumewe alikuwa nyuma ya fundi kama mama mkwe.

"Polepole, fundi. Usiukunje. Hapo haujakatika? Vikombe ni vizima?" Kisha akatugeukia majirani bila haya hata kidogo. "Miaka yote hiyo, na nguvu bado unazo! Waya gani wa leo utafanya hivyo?"

Nilitamani kumjaza vile vikombe mdomoni.

"Zemichael," Abrehet akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina. "Umemuuliza fundi kama waya umeumia, umeuliza tena, unauliza bado. Mimi nimelala hospitali, nimerudi, hujaniuliza lolote."

Zemichael alikuwa ameukumbatia ule waya uliosokotwa. Alimtazama mkewe, akautazama waya. Nilingoja auweke chini.

"Mkono unauma?" akauliza, waya bado kifuani.

Abrehet aliinuka, akaingia ndani kumfunga Luwam vifungo vya gauni la harusi, kwa mkono mmoja.