Kijiji Kilichofuata Saa ya Moscow

Nilisikia chuma kikigongwa kabla ya kuona chochote. Ngo, ngo, kimya, halafu ngo tena, ng'ambo ya mlango, huku shangazi yangu akipekua mkoba kutafuta ufunguo.

"Ni yeye," shangazi akasema. "Anagonga chuma cha kupashia nyumba joto, asikie hewa imekwama wapi. Usimcheke."

Shangazi huhudumia wazee majumbani mwao hapa Lewisham, na asubuhi ile alinichukua nimsaidie kusogeza kabati. Tulimkuta bikizee wa Kirusi ameketi kwenye kigoda, kijiko mkononi, sikio karibu na chuma. Shangazi humwita Mama, nami nikamwita Bibi. Aliniambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba baba yake alifanya kazi hiyohiyo, ila kwa nyundo ndefu na magurudumu ya treni. Gurudumu zima huimba. Lenye ufa hukohoa.

Mimi ni mwandishi, na hilo "hukohoa" ndilo lililonirudisha na daftari Jumamosi iliyofuata, na nyingine nyingi, niandike historia ya kijiji chake.

Kijiji chake, alisema, kilizaliwa kwa sababu ya kiu. Injini za mvuke zilizovuka nyika za mashariki ya Ziwa Baikal zilihitaji mnara wa kujazia maji mahali fulani, na papo hapo ilichepuka reli ndogo ya kwenda kwenye machimbo ya makaa. Wahandisi hawakukipa jina, walikipa namba tu. Nikauliza nyumba ya kwanza ilijengwa na nani. Wale wale waliotandika mataruma, yale magogo ya chini ya reli, akasema, kwa mataruma yaliyobaki, ndiyo maana wakati wa kiangazi kuta zilinuka lami. Na chakula? Kabichi, na viazi ambavyo mama yake alivichemsha akawauzia abiria madirishani. Treni ikisimama, pana soko. Ikiondoka, hata mbwa hulala.

Kisha zikaja nyaya za umeme, na injini hazikuwa na kiu tena. Machimbo yakafungwa, reli ndogo ikang'olewa. Waliobaki ni kaya chache, na mmoja wao ni mdogo wake.

Siku moja nilitaka kujua walijuaje wakati wa treni, na hapo ndipo nilipopata kile ambacho sikujua nakitafuta. Stesheni zote za nchi ile, akasema, hata zile za mbali kabisa, zilifuata saa ya Moscow. Kwao tofauti ilikuwa ya saa sita. Asubuhi kengele ya shule ilipolia, mshale wa saa ya shule ulikuwa kwenye nane, na wa stesheni, ng'ambo ya barabara, kwenye mbili.

Shangazi akacheka kutoka jikoni. "Hao ni Waswahili. Sisi tunatazama nane tunasema mbili tangu tuzaliwe."

Bibi alitaka aelezwe tena, pole pole. Nikamchorea.

"Kumbe kuna nchi nzima za watu wa reli," akasema. "Na hamkosani?"

Wao walikosana. Alipokuwa msichana na anaondoka kwenda kusoma mjini, alimwachia mdogo wake ujumbe kwa mwoka mikate wa kijiji: treni yangu ni ya nne, bila kusema nne ya saa ipi. Mdogo wake alikuwa ameanza kazi shuleni. Nne ya stesheni ilipofika, ya shule ilikuwa kumi, asubuhi bado, naye alikuwa darasani. Alifika stesheni alasiri, nne ya shule, na viazi vya moto ndani ya kitambaa, akakuta reli tupu. Dada yake alikuwa ameshakwenda, amejibana dirishani, akidhani amesusiwa.

"Mtu wa reli akisema nne, ni nne ya reli," Bibi alisema.

"Lakini yeye alikuwa mtu wa shule," nikasema.

"Na yeye husema hivyohivyo. Miaka yote hii."

Baadaye Bibi alirudi kwa misiba tu, kwa gari, katikati ya watu. Sasa watoto wa mdogo wake walitaka kumhamishia mzazi wao mjini kabla ya theluji, na Bibi alitaka afike kwanza, wafunge nyumba pamoja, wapande pamoja treni ileile. Mwanawe wa hapa London alikataa, kwa sababu ya nyonga mbovu ya mama yake.

Jumamosi moja mwana huyo alikuja tukiwepo. Bibi akampigia mdogo wake simu, akaiweka sauti juu. Ilitoka sauti kavu, ya haraka, na mwana akainamisha uso asionekane anacheka.

"Anasemaje?" shangazi akauliza.

"Kwamba safari hii atakaa stesheni tangu alfajiri," Bibi akasema, "na mimi nikichelewa, viazi atakula mwenyewe."

"Na ukianguka, mama?" mwana akauliza.

"Hapa pia naanguka."

"Daktari hakukataa, baba," shangazi akamwambia kwa upole. "Unayekataa ni wewe."

Mwana alisimama dirishani mpaka treni mbili zikapita kule chini. Kisha akasema, "Basi tutakwenda wote."

Nilifurahi, na niliumia. Historia yangu ilikuwa nusu. Sikujua bado nani aliishi ndani ya mnara wa maji, wala mwoka mikate aliishia wapi.

"Mengine utayatunga," Bibi akaniambia. "Si ndiyo kazi yako?"

Siku ya safari alituamuru tuketi sote, kimya, kabla ya mtu kutoka. Kwao ndivyo wafanyavyo wasafiri. Mwanawe aliketi juu ya sanduku, shangazi akaomba kimoyomoyo. Nikafumbua mdomo niulize habari za mnara, Bibi akaweka kidole midomoni mwake kuninyamazisha. Halafu akainuka wa kwanza, akashika mkongojo. Mwanawe alimfungulia, akamfuata na sanduku, na mlango ukafungwa nyuma yao.