Picha ya Matanga Yangu

Wacha niseme aibu yangu mapema: nikingoja majibu ya uvimbe wa shingo, nilienda studio Kitale kupigwa picha ya matanga yangu mwenyewe. Daktari wa Bungoma alikuwa amekata kipande kidogo, akasema inaweza kuwa kansa ya tezi, ningoje wiki mbili. Mimi niliyeachia shule darasa la sita nikajipa majibu. Nikaazima koti ya rafiki yangu, fundi wa baiskeli, nikatabasamu vizuri ndio watu wa matanga wasiseme nilikuwa na sura mbaya.

Majibu yakatoka: si kansa. Nilikula chapati nne nikiwa nimesimama.

Rafiki yangu akaangalia picha, akacheka. "Koti rudisha, bana. Picha weka. Ukikufa utakuwa mzee, watu watauliza, 'Kwani tunazika nani?'"