Fundi wa Chapuchapu

Pale Waithaka kuna fundi wa nguo ambaye mdomo wake una mbio kushinda pikipiki. "Chapuchapu, mathe!" "Himahima!" "Sasa naongeza kasi!" Kila neno linazidi mwendo, na vidole vinazidi kukumbatia kikombe cha chai. Peres, aliyekuwa akimwoza binti yake Ivyne asubuhi hiyohiyo, alikuja kumkalia kwenye stuli amalizie mkono wa pili wa gauni lake la kuendea harusini, maana huyu hashoni asipokaliwa. Fundi akakanyaga cherehani, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakahama mtaa. Peres akainua gauni kutazama. Sindano haina uzi!

"Napasha mashine moto, mathe."

Peres akalivaa hivyohivyo, gauni la mkono mmoja. Fundi akamsindikiza hadi mlangoni, akimpigia makofi: "Kimbia basi, mathe, utachelewesha harusi ya watu!"