Niliingia Grade 4 kuonyesha mwalimu chumvi haipotei kwa maji, nikakutana na drum yangu

Wakuu, habari zenu.

Sitazunguka. Hii kitu imenikaa kifuani wiki tatu. Yote nitasema ni vile ilivyokuwa, hata pale penye mimi ndiye naonekana mbaya. Mwenye anataka kunitukana angoje nimalize kwanza.

Mjue mnaongea na nani.

Mimi ni wa Lindi, Kibera. Chumba kimoja, sisi watu saba. Shule niliacha darasa la sita na hakuna mtu alinishika mkono. Nilianza kwa kubebea watu mitungi ya maji, nikajifunza kutengeneza sabuni ya maji kwa ndoo moja na mwiko wa ugali. Leo niko na workshop Kawangware, nyuma ya stage ya matatu ya 56. Nimeandika watu wanne kazi. Naishi Ayany, nyumba ya mawe. Kama umewahi kula hoteli za 56, kuna uwezekano mkubwa sahani yako ilioshwa na sabuni yangu.

Unaona najisifu? Ndiyo. Najisifu. Jasho ilikuwa yangu.

Na mambo ya kuchanganya vitu na maji, tafadhali, usiniambie. Sabuni unaiwekea chumvi ndio ikuwe nzito. Ukizidisha kidogo tu, inageuka inarudi nyepesi kama maji, mzigo wote umekufa. Hiyo sikusomea mahali. Nilimwaga mapipa nikajifunza.

Sasa tuingie.

Msichana wangu anaitwa Nafula, yuko Grade 4 kwa shule moja ya private hapo Kawangware. Siku moja amekuja na kitabu ya science. Swali ilikuwa, ukiweka chumvi kwa maji ukoroge, inaenda wapi?

Nafula ameandika, iko ndani lakini huioni.

Mwalimu amepiga X. Kubwa, na kalamu nyekundu, hadi karatasi imetoboka. Halafu ameandika jibu yake chini: it disappears.

Inapotea!

Wakuu, nilisoma hiyo kitu mara mbili. Nikauliza mama yake, "Hii English nimeielewa vizuri ama?"

Akasema, "Umeielewa. Lakini wacha mwalimu afanye kazi yake, Baba Nafula. Na uangalie huyu mtoto mdomo, vidonda zimerudi tena. Mimi nafikiri ni hizo maembe za pilipili wanauziwa kwa gate."

Mimi sikuangalia mdomo. Niliangalia X.

Kesho yake asubuhi niko shuleni. Mwalimu wa science ni dada mdogo, tumuite Teacher Mercy, jina yake si hiyo. Nikamwambia kwa heshima, "Teacher, chumvi haipotei. Mtoto yuko right."

Akacheka kidogo. "Baba Nafula, kwa level yao tunasema inapotea. Tunafuata kitabu."

"Kama imepotea, mbona ukionja hayo maji ni chumvi?"

"Mzee, na wewe ulifika class ngapi?"

Mbele ya watoto, wakuu. Mbele ya mtoto wangu. Na wale watoto wakasema "wuuuui!" vile watoto husema mtu akichomwa na maneno.

Nilitoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa ofisi ya Director, mama mwenye shule. Nikamwambia, nyinyi kila siku mnatuita tukuje tusaidie kwa masomo, mara leteni manyoya ya kuku, mara leteni mabox. Sasa mimi nimekubali. Nipatie darasa moja.

Akaona ni vizuri, hata akasema watapiga picha waweke kwa page ya shule.

Nilijitayarisha kama mtu anaenda harusi. Nikavaa koti. Nikabeba glasi, sufuria, jiko ya gas ndogo, chumvi, sukari, mchanga, unga, mafuta ya kupika. Nikabeba pia karatasi za kupima. Hizi ni vipande vidogo tunatumia kwa kazi: ukizichovya kwa kitu kichachu kama ndimu zinakuwa nyekundu, ukizichovya kwa caustic zinakuwa blue. Caustic ni ile dawa kali ya kutengeneza sabuni. Tunaiyeyusha kwa drum ya maji, inachemka peke yake bila moto. Ikikushika ngozi inakula. Maji yake ni clear. Ukiiangalia utafikiria ni ya kunywa.

Darasa iliendaje? Moto! Wacha niseme ukweli, mimi ni mwalimu mzuri kuliko nilivyojua.

Mchanga kwa maji, umekaa chini. Mafuta, imeelea. Unga, maji imekuwa kama maziwa, tukaiacha ikatulia, unga ukashuka. Sukari, tumekoroga, huioni. Chumvi, huioni.

Nikauliza, "Imepotea?"

Nusu wakasema ndiyo, wakiangalia Teacher Mercy. Nikachemsha ile ya chumvi kwa sufuria mpaka maji ikaisha yote. Chumvi hiyo hapo chini, nyeupe. Nikawapitishia waonje na kidole.

"Iko, uncle! Iko!"

Niliangalia Teacher Mercy.

Nafula alikuwa amekaa mbele, amenyamaza. Nikafikiri ni aibu ya kuona baba yake kwa class.

Nikatoa karatasi. Ndimu, nyekundu, watoto wakapiga makofi. Tone la caustic nimebeba kwa chupa, mimi mwenyewe na glove, blue, makofi tena. Nikasema, sasa tuone maji ya kawaida, hii haitabadilika sana. Nikatuma wasichana wawili walete kikombe kutoka kwa drum yao ya kunywa, iko kwa corridor.

Wakaleta. Maji ni safi, clear kabisa.

Nikachovya.

Blue.

Watoto wakapiga makofi. Walifikiri ni ya show.

Nikachukua karatasi ingine. Blue. Nikaingiza vidole kwa kikombe nikasugua. Inateleza. Wakuu, mimi nimeshika huo utelezi miaka kumi na nane. Siwezi kuukosea hata nikiwa usingizini.

Nikatoka mbio kwa corridor. Drum ya blue, ile kubwa, kitambaa nyeupe kimefungwa juu yake ya kuchujia. Nikaizungusha.

Upande wa ukuta kulikuwa na mstari mwekundu wa rangi.

Huo mstari ni mimi naupaka. Drum zangu zote za caustic zina huo mstari, ndio vijana wangu wasichanganye na zingine. Zikizeeka naziosha nauza. Kuna jamaa hapo 56 anauza drum na mitungi, tumuite Odu, yeye hunichukulia. Na kuna zingine nimeuza kwa mkono wangu.

Sasa sikieni ujinga wa watu wa sabuni, na mimi nikiwa mkubwa wao. Sisi tunasuuza drum hadi povu iishe. Povu ikiisha, tunasema imekuwa safi. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, hivyo ndivyo nafunza vijana. Lakini caustic haina povu! Povu ni ya ile dawa ingine ya povu tunachanganya kwa sabuni. Miaka kumi na nane nimekuwa nikiangalia kitu haipo ndio niseme kitu ingine haipo.

Director amefika. Nikamwambia, "Madam, hii maji hakuna mtoto anagusa tena."

"Baba Nafula, tulia. Hiyo maji tunachuja kila asubuhi."

"Kitambaa inashika mchanga! Kitu imeyeyuka inapita na maji, hata ukichuja mara mia!"

"Punguza sauti, kuna wazazi wako kwa ofisi wanalipa fees. Hii tutabadilisha polepole. Midterm."

Midterm!

Nilishika hiyo drum nikaiangusha. Maji ikajaa corridor, ikaingia hadi kwa class ya watoto wadogo. Akapiga nduru ati nimemwaga maji ya shule. Nikamwambia aangalie ndani. Kwa kona ya chini kulikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama chokaa. Kila siku wanajaza maji juu yake, kila siku unayeyuka kidogo, watoto wanakunywa.

Teacher Mercy alikuwa amesimama kwa mlango. Hapo ndipo Nafula akaongea, sauti ndogo.

"Teacher, mimi nilikuambia inateleza."

Nikageuka. "Alikuambia?"

Mwalimu akaangalia chini. "Alisema maji ni kama ya kwa baba yake. Nilidhani analeta maneno tu, hataki kunywa."

"Ukamwambia nini?"

Nafula ndiye alijibu. "Akasema nikae chini nisitangaze biashara ya sabuni."

Wakuu, mkono wangu ulitaka kufanya kitu. Nikauweka mfukoni. Nikainama kwa mtoto nikamuuliza, "Na mimi, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Niliona mstari wako, baba. Na wewe husema drum zako ni safi kuliko za watu wote."

Hapo nilikaa chini. Na koti yangu. Kwa maji.

Vidonda za mdomo hazikuwa maembe.

Tulipeleka yeye na watoto wengine kumi na mmoja hospitali siku hiyo, mimi na wazazi tuliopigia simu. Asante Mungu ilikuwa kidogo kwa maji mengi, wameungua juu juu tu, wamepewa dawa, wanakula vizuri sasa. Daktari aliniambia ingekuwa nzito zaidi tungekuwa tunaongea mambo mengine. Director ameweka tangi mpya. Kwa parents amesema ni "upgrade". Hasira yangu kwake bado iko pale pale, na nimewaambia wazazi wote ukweli, pamoja na ukweli wangu. Wawili hawanisalimii. Ni haki yao.

Lakini sikumaliza.

Nilienda kwa Odu nikamwambia anionyeshe kila drum ya mstari mwekundu aliuza. Akaanza, "Bro, si wewe ulisema umesuuza hadi povu ikaisha?" Nikamwambia, ndiyo, ni mimi, ingia kwa gari tuzunguke.

Tukazunguka siku nne. Moja ilikuwa kwa car wash, hiyo sawa. Moja fundi wa ujenzi, anachanganyia simiti. Moja kwa kinyozi, alikuwa anaoshea watu vichwa, na akaniambia ati wateja walikuwa wanasifu maji yake inatoa mafuta vizuri. Nusu nilie.

Ya mwisho tuliyoipata ilikuwa Lindi. Huko kwetu. Mama mmoja anapika uji na chapati, mimi mwenyewe ndiye nilimuuzia, kwa sababu ananijua nikiwa mdogo. Nikamwambia, "Mathe, naomba hiyo drum. Nimekuletea mpya, hii hapa."

Akasema, "Hii yangu iko na shida gani? Angalia maji yake, unaweza soma gazeti ndani."

"Kuna dawa imeyeyuka ndani. Huwezi iona."

"Kama siwezi iona, wewe umeiona na nini?"

Nikamuonyesha karatasi ikigeuka blue. Akaangalia karatasi, akaniangalia, akaangalia watoto walikuwa wanangoja uji na vikombe mkononi. Akachukua vikombe kutoka kwa mikono yao, kimoja kimoja, akamwaga kwa mtaro. Sufuria nzima ikafuata. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

Akaniuliza tu, "Na siku ile uliniambia tukunywe bila wasiwasi, ulikuwa umepima na nini?"

Nilikuwa nimepima na povu, wakuu. Mimi mwenye mdomo yote hii.

Nilichukua msumeno kwa gari nikaikata hiyo drum vipande hapo hapo mbele yake.

Fundisho ni hili. Ukifunza mtoto ya kwamba kitu ikiyeyuka imepotea, umemfunza kunywa chochote mradi ni clear. Walimu mnaosoma hapa, kitabu ikisema hivyo, kataeni kitabu. Wazazi, mtoto akisema maji inateleza, si utundu, shika wewe mwenyewe usikie. Watu wa sabuni wenzangu, povu si kipimo. Drum ya caustic haiuzwi kwa mtu anakunywa, hata ukiisuuza mwaka mzima. Mimi zangu sasa nakata.

Na sasa ile kitu imenileta hapa kabisa. Kwa hesabu ya Odu na yangu, kuna drum mbili hatujapata. Ni blue, kubwa, mstari mwekundu wa rangi umepakwa kwa mkono, upana wa vidole viwili. Ziliuzwa 56, moja tunafikiri ilivuka ikaenda upande wa Kibera.

Kama iko kwako, kwa jirani, kwa kanisa, kwa shule ya mtoto wako, mwaga maji hiyo sasa, halafu andika hapa chini iko wapi. Si inbox. Hapa wazi, watu wote waone. Matusi pia wekeni, nitasoma yote, lakini anzeni na drum.