Mgeni wa Mlango wa Nyuma

Usiniambie nilikuwa nimechoka. Kweli nilikuwa nimechoka, nani hapa Brussels hajachoka? Lakini pombe sinywi, miwani yangu ilikuwa usoni, na taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Nilichokiona nilikiona.

Nilikuwa namtunza mzee mmoja wa Kiingereza, tumwite Mzee Len, kwenye fleti ya ghorofa ya nne kule Ixelles. Binti yake ameolewa huku, akamleta baba aishi karibu naye. Alinichukua mimi Mtanzania kwa sababu najua Kiingereza, na mzee Kifaransa hakutaka hata kukisikia. Tulipatana mno. Nikimaliza kumwogesha na kumlisha, tunakaa jikoni tunapiga soga.

Soga zenyewe zilikuwa za kijiji chake tu, kijiji cha mgodi wa makaa ya mawe. Nyumba zote mali ya kampuni, zimepangwa safu safu. Baba chini ya ardhi, na watoto wa kiume wakishakua, nao chini ya ardhi. Mikono yake ilikuwa na makovu ya bluu, maana vumbi la makaa likiingia kwenye jeraha halitoki tena. Mlango wa mbele, aliniambia, ulifunguliwa kwa ajili ya daktari, polisi na jeneza. Watu wengine wote walipita wa nyuma. Sasa mgodi umefungwa, mahali pake pamejengwa ghala, na nusu ya lile gurudumu lililokuwa likiwashusha watu mgodini imesimamishwa kando ya barabara, ikapandiwa maua. "Maua!" alikuwa akisema, uso umemkunjamana.

Habari ya mdogo wake, Roy, alinisimulia mara moja tu. Wakati wa mgomo mkubwa kijiji kizima kiliacha kazi karibu mwaka, watu wakawa wanakula chakula cha kupikiwa pamoja ukumbini. Baridi ilipokaza, Roy, mkewe ana mimba na nyumba haina moto, akarudi kazini mgomo haujaisha, kwa basi lililozibwa madirisha kwa nyavu za chuma kuzuia mawe ya wagomaji. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsemesha. Mama yao alipokufa, ndugu hao wawili walibeba jeneza lake bila kuangaliana.

"Mzee," nikamwambia, "si damu yako huyo?"

"Sina mdogo, kijana."

Basi jioni moja ya Februari, mvua inanyesha, giza limeshaingia mapema kama kawaida ya huku, nilikuwa namimina chai. Mlango mdogo wa jikoni ukagongwa.

"Karibu!" nikasema.

Wewe ungesema nini? Kwetu Tanga mlango ukigongwa, mdomo unajibu kabla ya akili. Neno limeshatoka ndipo nikakumbuka kwamba mlango ule unatokea kwenye kibaraza cha kuanikia nguo. Hauna ngazi. Nakwambia, ghorofa ya nne!

Nilikuwa nimeufunga kwa komeo mwenyewe, lakini ulifunguka. Akaingia mwanamume wa makamo, mfupi, kofia mkononi, macho yamezungukwa na weusi kama aliyepaka wanja. Kwenye paji la uso alikuwa na kovu la bluu. Mvua ilikuwa inamwagika nje, lakini koti lake lilikuwa kavu.

"Len," akasema.

Mzee Len alikuwa anamtazama, kisha akawa hamtazami. Sijui nikuelezeje. Macho yalikuwa palepale, lakini yalimpita yakaenda ukutani.

"Len, sema neno moja tu. Hata tusi. Nikalale."

Mzee akakoroga chai yake. Midomo ilikuwa inamtetemeka, naapa niliiona, na nikadhani sasa atasema. Hakusema. Yule mtu akabaki amesimama, kofia inazunguka vidoleni, na mimi, pamoja na woga wangu wote, nikaona uchungu. Nikamvutia kiti. Nikamwekea kikombe.

"Karibu chai," nikamwambia.

Akalia, machozi yakamchora mistari kwenye vumbi la mashavu. "Wewe ndiye wa kwanza," akasema.

"Mzee, mjibu basi!" nikapiga kelele. "Anakuomba neno moja!"

Mzee Len akageuza kiti, akatuonyesha mgongo. Sisi sote wawili.

Yule mtu akatoka kwa mlango uleule. Nikamfuata mbio. Kibarazani kulikuwa na ndoo na fagio, na chini kabisa ua wa majirani.

Asubuhi yake nilimuuliza binti habari za Roy, akaniambia kwamba huyo baba yake mdogo alishakufa miaka mingi, kulekule kijijini, na mazishini alikwenda mjane peke yake na padri. Mimi nilitaka kumuuliza mzee mwenyewe. Nikamwamkia. Kimya. Nikamuuliza kama ana njaa. Kimya, macho yananipita yanaenda ukutani. Kwa binti yake aliongea na kucheka kama kawaida. Mimi nilikuwa nimemsemesha Roy, kwa hiyo nimeshakuwa kama Roy.

Nikamweleza Maman Furaha wa Bukavu, tunayefanya naye kazi hii ya kutunza wazee. Akashika kichwa.

"Aïe, kaka! Muntu haumuone bado, alors unamuambia karibu? Bon, sasa ni mugeni wako, haiko mugeni yake tena."

Mzee Len alikufa Aprili, mkono wake ndani ya mkono wangu, bila kuniambia hata asante. Simsamehe. Watu wanasema marehemu asemwe vizuri, nami nasema mtu yule alikuwa na moyo wa jiwe, na nilimpenda.

Maman Furaha hakukosea. Siku hizi mlango unaogongwa ni wangu, kule Molenbeek ninakoishi. Roy hanidhuru. Anakaa, anauliza swali moja tu: Len alisema nini kabla ya kufa? Siku moja nikamdanganya, nikamwambia, "Alikutaja jina." Akatikisa kichwa. "Hakunitaja. Namjua kaka yangu." Lakini akirudi anauliza tena, na mimi nitoe wapi neno ambalo mwenyewe hakuliacha?

Kwa hiyo nisikilize. Ukisikia hodi mahali ambapo mtu hawezi kufika, usijibu, kaa kimya. Naona aibu kukushauri hivyo. Jumapili iliyopita mimi mwenyewe nilikaa kimya. Aligonga, akagonga, akaniita jina langu, akaomba neno moja tu, na mimi nikaongeza sauti ya televisheni.