Sahihi ya Nehemiah Onyiego

Siku moja kabla ya Nyanchera kwenda kupimwa, mama yake alifungua sanduku la nguo, akaondoa vitenge kimoja kimoja, na kutoka chini kabisa akatoa daftari la shule lililofungwa kwenye nailoni. Akamkabidhi mumewe bila kumtazama usoni.

"Si nilikwambia ulichome?" Nehemiah Onyiego akauliza.

"Uliniambia," Tryphosa akajibu. "Sikulichoma."

Daftari hilo lilikuwa na miaka kumi na minane. Ndilo waliloandikia wauguzi na madaktari Nyanchera alipougua homa ya uti wa mgongo, akiwa na miaka saba. Alilazwa siku kumi na moja. Aliporudi nyumbani karibu na Ikonge, alikula, akacheza, akanenepa, lakini ukimwita kwa nyuma hageuki. Nehemiah alisema ni masikio yamejaa uchafu. Baadaye akasema ni ukaidi. Baadaye tena akasema Mungu atayafungua kwa wakati wake.

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya jambo hili liwe zito kusimuliwa. Alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa la Waadventista, mtu wa kuitwa majirani wakigombania mpaka wa shamba. Hakuwahi kumpiga binti yake. Siku daktari alipomwambia mtoto hasikii, aliingiwa na hofu, na hofu ile aliiita imani. "Mtoto akishaandikwa kiziwi kwenye karatasi," alimwambia mkewe walipotoka nje, "ni nani atakayemfuta?"

Kwa hiyo Nyanchera alirudishwa katika shule ya kijijini, akaketi nyuma ya darasa miaka saba akitazama midomo. Walimu walisema ni mzito. Alikuwa na miaka kumi na minne Tryphosa alipomshika mkono bila kuomba ruhusa ya mtu, akampeleka shule ya viziwi. Huko ndiko msichana alikojifunza lugha ya ishara, kusoma na kushona. Tryphosa naye akajifunza ishara kutoka kwake, jioni kwa jioni, jikoni. Nehemiah hakujifunza. Alizoea kumwonyesha binti yake kwa kidole: njoo, leta, weka pale.

Sasa Nyanchera alikuwa na miaka ishirini na mitano, fundi wa nguo kwenye kibaraza cha duka pale Ikonge. Alikuwa ameomba mashine ya ovaloki, ya kushona kingo za nguo, kutoka kwa mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wenye ulemavu. Ombi lilitaka kadi ya ulemavu, kadi ikataka fomu ya daktari, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. Safari ya hospitali ya kaunti ilikuwa Jumanne. Tryphosa goti lilimuuma, kwa hiyo Nehemiah ndiye angemsindikiza.

Asubuhi, kabla hawajatoka, alilifungua lile daftari peke yake nyuma ya nyumba. Aliupata ukurasa aliokuwa akiuogopa. Akauchana taratibu usitoe sauti, kana kwamba Nyanchera angeweza kusikia, akaukunja na kuutia katika mfuko wa koti.

Daktari aliyewapokea aliitwa Lorna Anyona. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, na alijua ishara za kutosha kumsalimia Nyanchera, jambo lililomfanya msichana atabasamu hadi macho. Alimpima masikio kwa mashine, kisha akaanza kupekua daftari.

"Mzee, kipimo kinaonyesha hasikii, hilo halina ubishi," alisema. "Lakini fomu inataka nieleze ilianza lini, ilisababishwa na nini, na kama ni ya kudumu. Hapa naona alilazwa. Halafu tunaruka miezi miwili." Akapitisha kidole kwenye mshono wa daftari. "Kuna ukurasa umechanwa. Mchano wenyewe bado mweupe."

Nehemiah alikohoa. "Panya, daktari."

"Bila maelezo ya wakati ule itabidi arudi baada ya miezi mitatu nimpime tena, ndipo niandike kwamba ni ya kudumu. Siwezi kubuni."

Nyanchera alikuwa akifuata midomo yao. Aliandika kwenye simu, akamwonyesha baba yake: *Tata, miezi mitatu? Ijumaa ndiyo mwisho.*

Mzee aliutazama uso ule. Alitamani apewe nafasi ya kufikiri kidogo. Hakupewa. Akaingiza mkono mfukoni, akautoa ukurasa, akauweka mezani.

Daktari Lorna aliukunjua, akausoma. Kabla hajaurudisha, Nyanchera alinyoosha mkono akauchukua. Kiingereza cha madaktari kilikuwa kifupi, na yeye alikijua vizuri kuliko baba yake. Kilisema kwamba mtoto hasikii masikio yote mawili tangu kuugua. Kwamba apelekwe kwa mtaalamu wa masikio Kisumu, na shule ya viziwi, bila kuchelewa. Chini yake, kwa wino tofauti: *Baba amekataa. Anasema mtoto ni mzima.* Na chini ya hapo, sahihi ya Nehemiah Onyiego, yenye mkia mrefu, kama anavyotia hata leo.

Aliusoma mara mbili. Kisha akaandika kwenye simu, polepole.

*Nilidhani hawakujua. Miaka yote nilidhani madaktari hawakujua.*

Nehemiah alifungua mdomo, lakini Nyanchera hakuwa akiutazama. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya sauti tu, na sauti haikuwa na kazi pale. Alimwomba daktari amwambie binti yake kwamba aliogopa. Daktari Lorna alifikiri, akasema, "Hilo, Mzee, si langu kulisema." Akavuta fomu, akaanza kujaza.

Kadi ilitoka upesi, ombi likafika kabla ya Ijumaa kuisha. Baada ya miezi kadhaa mashine nayo ikaja. Nyanchera alikodi chumba Ikonge, akahamia huko na vitambaa vyake. Hakugombana na mtu. Siku ya Sabato alipokuja nyumbani alikaa na mama yake jikoni, mikono yao ikipiga soga ndefu, na Nehemiah akawatazama kutoka mlangoni kama mgeni asiyejua lugha ya nchi.

Ndipo alipomwomba Tryphosa amfundishe. Akiwa na miaka sitini na minne, vidole vigumu kwa kuchuma chai, alijifunza maji, chakula, mvua. Neno alilolitaka hasa, nisamehe, alilifanyia mazoezi wiki nzima. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya binti yake, akapeleka mkono kifuani.

Nyanchera alitazama. Alikuwa amelikosea. Akaushika mkono wa baba yake, akavikunja vidole vilivyokuwa wazi, akauzungusha vile unavyotakiwa kuzunguka. Akangoja hadi alipoweza mwenyewe.

Kisha akaingia jikoni kumsaidia mama yake kuepua chungu. Hakumjibu siku ile, na Nehemiah hakuona kwamba ana haki ya kuuliza atajibiwa lini.