Saa ya wazamiaji kwenye mkono wa mtu asiyejua kuogelea

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, mzaliwa wa Izimbya, ila karibu maisha yangu yote nimeyaishi Arusha nikiuza vitabu katika duka la mtu. Niliporudi nilikuta kibanja cha baba, shamba letu la migomba, kimegawanywa kati ya wadogo zangu, na sikuwa na moyo wa kudai. Nimepanga chumba mjini, Kashai. Wengi wenu ni wa umri wa wajukuu zangu, mnivumilie.

Nina saa. Ni ile kubwa ya chuma wanayovaa wazamiaji wa kazi, nene, imeandikwa mita mia tatu, na pembeni ina duara linalogeuka upande mmoja tu huku likilia tik, tik. Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa akihama. Raha yake ni ngumu kuieleza. Mtu aliyeondoka kwao kijana, akarudi hana hata mgomba mmoja, hujiona mwepesi, kama anayeweza kupeperushwa. Saa ile ina uzito. Nikiivaa watu hutazama mkono wangu, nami nahisi nimetoka mahali fulani.

Vijana wa bodaboda waliniuliza, kwa neno letu la kumheshimu mzee, "Ta, hii si ya wale wanaozama?" Nikatabasamu tu. Mmoja akasema, "Mzee kimya hivi, kumbe ameona chini ya bahari." Sikukanusha. Wakaanza kuniita Mzamiaji, nikawa naitika.

Sifa hizo zikafika Kimwani, kule Muleba. Kuna mama, nimwite Ma Koku. Mwanawe wa pekee alianguka kutoka kwenye mtumbwi uliokuwa ukipeleka ndizi visiwani, na hakuonekana tena. Katika ukoo wao, mtu asipopatikana huzikwa shina la mgomba mahali pake, ndipo msiba unaisha na majembe yanarudi shambani. Wazee walitaka kuzika, mama akakataa. Kaka yake akanifuata Kashai kwa pikipiki.

Tulipofika msibani nilikalishwa katikati yao, nyasi zimetandikwa sakafuni. Ma Koku alipiga magoti akaitazama saa, si uso wangu. "Waitu, mzee wetu, wewe umefika huko chini. Ziwa linarudisha watu, au halirudishi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Badala yake niligeuza lile duara polepole, na nyumba nzima ikanyamaza kulisikiliza. Tangu nirudi hakuna aliyewahi kuningoja niseme kitu. Nikasema, "Msizike. Hili hurudisha."

Ma Koku akainuka. "Mmesikia. Huo mgomba wenu mtakula ndizi zake."

Mzee mmoja akanong'ona, nami nikamsikia, "Saa kubwa, maneno machache."

Basi hawajazika. Waombolezaji wamechoka, wanaondoka mmoja mmoja. Hakuna anayeshika jembe, na kahawa iliyoiva inadondoka chini ya miti. Kila asubuhi Ma Koku anashuka ziwani na shati safi la mwanawe, ili akitokea asionekane uchi mbele za watu. Hunipigia simu: "Ta, leo maji yametulia. Ni dalili?" Na mimi, Mungu anisamehe, hujibu, "Inaweza kuwa."

Sijui kuogelea. Maji yakinifika kiunoni narudi. Lile nililowaambia niliwahi kulisoma mahali, na hata hilo sikulikumbuka vizuri.

Juzi amenipigia tena, sauti ina furaha. Amewaomba wavuvi mtumbwi wa Jumamosi, ili nizame mwenyewe nikamtafute. "Wamenicheka kwa kukuamini, Ta. Jumamosi watanyamaza."

Nimefikiria kutoroka nirudi Arusha, na nimejidharau kwa kuwaza hivyo. Lazima ajue, hilo silipingi. Ninachoshindwa ni namna. Nimwambie peke yake kabla ya Jumamosi, aamue mwenyewe wazee waambiwe nini? Au nisimame mbele ya ukoo wote, kicheko chao kinipate mimi badala yake? Nishaurini mapema, wanangu. Kaka yake ananiambia kwamba tangu siku ile niliyosema wasizike, Ma Koku hajadondosha chozi. Mama mwenyewe anasema huwezi kumlilia mtu ambaye bado yuko njiani.